Somo la Mvua

Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Aikande nyumbani kwao, juu kule kwenye migomba, na mimi nililia mahali ambapo watu hawalii. Misiba ya huku watu hulia jeneza linaposhushwa, au kwaya inapoanza, au wajukuu wanapoitwa kuweka mashada. Mimi nililia wakati wa wasifu. Na wasifu wenyewe ulikuwa mkavu kama wasifu mwingine wowote: alizaliwa, akabatizwa, akasoma chuo cha ualimu, akafundisha shule hii na ile, akajaliwa watoto na wajukuu. Mama mmoja aliyekaa kiti cha jirani alinipa leso yake akaniuliza, "Pole dada, alikuwa ndugu yako?" Nikamwambia nilikuwa mpangaji wake zamani. Akazidi kushangaa. Mwaka ninaotaka kuusimulia ulipita kwenye wasifu huo kwa sentensi moja tu, kwamba marehemu alipata changamoto ya kiafya akapumzishwa kazi, kisha msomaji akaendelea na mambo ya kanisani. Hilo liliniudhi, na mimi ni mtu wa kuudhika haraka, walimu ninaowaongoza sasa kwenye shule ya Olasiti wanaweza kukupa ushahidi. Lakini sikulia kwa kuudhika, wala kwa maneno yaliyosomwa. Nililia kwa ajili ya sauti iliyokuwa inayasoma. Ili hilo lieleweke inabidi nirudi kwenye mwaka wangu wa kwanza wa ualimu.

Ulikuwa mwaka ule ada ya shule za msingi ilipofutwa na watoto wakafurika. Nilipandishwa huku juu kutoka Sakina, kule mjini, nikiwa na cheti kipya, begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, nikafikia shule iliyokuwa katikati ya kahawa, ukungu umeikalia tangu asubuhi. Nyumba za walimu zilikuwa mbili na zote zimejaa. Mwalimu Mkuu akaniambia nitakaa kwa Mwalimu Aikande wa darasa la kwanza, maana nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka shuleni na ana chumba cha uani. Chumba kilikuwa cha mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeachana kiasi kwamba nikilala nilisikia kila neno la jikoni na jikoni walisikia nikigeuka. Siku ya kwanza Mwalimu Aikande alinionyesha sufuria mpya iliyokuwa bado na karatasi ya dukani. "Hii ni yako, mwanangu. Hapa kwetu nguruwe hapikwi, lakini sitaki ule huku unawaza." Nilimwambia haikuwa na haja. Akasema, "Najua haina haja. Ipo tu." Na kwa mwaka mzima kila kilichopikwa kwa ajili yangu, ndizi za maharage, mtori, hata loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, ambayo mwanzoni niliimeza kwa kufumba macho, kilipikwa kwenye sufuria ile.

Darasa la kwanza lilikuwa moja na watoto walikuwa zaidi ya mia, kwa hiyo Mwalimu Mkuu alilikata katikati: nusu kwa Mwalimu Aikande, nusu kwangu, vyumba viwili vinavyotenganishwa na ukuta usiofika juu. Nilikuwa na sauti. Hilo lazima niliseme, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Chuoni waliniita Honi. Niliamini kwamba mwalimu bora ni yule anayesikika mpaka dawati la mwisho, na dawati la mwisho kwangu halikuwepo, watoto walikuwa wamekaa kwenye mabanzi ya mbao yaliyowekwa juu ya mawe. Mwalimu Aikande alifundisha kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayezungumza mezani. Upande wake alikuwepo mtoto mmoja wa kike, Nuru, aliyekuwa na koo la kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo. Akisoma "a" chumba kizima kilisikia, na changu pia. Wiki za mwanzo nilimsikia Mwalimu Aikande akimwambia kila siku, "Taratibu, Nuru. Herufi haijakimbia."

Baada ya Magharibi nilipomaliza kuswali tulikaa mezani jikoni kuandika maandalio ya somo. Kwa asiye mwalimu, andalio ni karatasi unayoiandika kabla ya kuingia darasani: unataja somo, lengo, zana utakazotumia, kisha unachora jedwali, hatua kwa hatua, upande mmoja kazi ya mwalimu na upande mwingine kazi ya mwanafunzi. Chini kabisa kuna nafasi ya maoni, ambayo inapaswa kujazwa baada ya kufundisha. Sisi tuliotoka chuoni tuliijaza palepale, wino bado haujakauka: "Somo limeeleweka, wanafunzi wengi wamefanya vizuri." Walimu wote niliowajua walifanya hivyo, na bado wanafanya, nawakuta nao Olasiti kila Jumatatu. Jioni ya kwanza Mwalimu Aikande alivuta karatasi yangu, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akaisoma mpaka chini.

"Hili umeshalifundisha?"

"Bado, Mwalimu. Ni la kesho."

"Sasa limeeleweka na nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliniambia niifute ile sehemu na niiache wazi mpaka nitoke darasani. Yake aliiacha wazi, na mchana tukirudi kula ndipo aliijaza, na mara nyingine aliandika yale maneno mawili ambayo sijamwona mwalimu mwingine akiyaandika: "Somo lirudiwe." Ofisini walimtania kwa hilo. Mwalimu mmoja alimwambia anajichongea kwa wakaguzi, maana nani atakubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba amefundisha na watoto hawakuelewa? Yeye alimjibu kwamba mtoto ambaye hakuelewa Jumatatu hawezi kuelewa Jumanne kwa sababu mwalimu ameandika vizuri.

Sauti yake ilianza kukwaruza mwezi wa pili. Tulidhani ni vumbi la chaki. Nilimchemshia tangawizi nikatia asali, akanywa. Jirani akaleta mafuta ya kondoo kwenye chupa ya soda, akayanywa nayo huku amekunja uso. Maji ya chumvi, majani ya mpera, kitambaa cha moto shingoni, kila aliyepita uani alikuwa na dawa, na kila dawa tuliijaribu, na kila asubuhi sauti ilikuwa imepungua kidogo kuliko jana. Shida ilikuwa kwamba mumewe, Mzee Kaaya, masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito. Walikuwa wamezoeana kuongea wakitoka na kuingia, yeye jikoni, mzee kwenye kahawa, na sasa hawasikiani tena. Hapo ndipo nilipogeuka kuwa spika ya nyumba. Mwalimu ananinong'oneza, mimi natoa kichwa mlangoni. "Mzee! Mwalimu anasema ng'ombe hajanyweshwa!" Na Mzee Kaaya, ambaye mkewe alimsikia vizuri kabisa, ananijibu mimi, "Mwambie nimesikia." Tulicheka sana siku za mwanzo. Majirani walisema nyumba ya Kaaya imepata redio.

Masika yalipoingia ndipo nilipojua kwamba sijui kufundisha. Anayejua mvua ya huku juu na bati lisilo na dari ataelewa. Inapoanza kupiga, hata uwe Honi, mtoto aliye miguuni pako hakusikii. Nilipiga kelele siku ya kwanza mpaka nikaona nyota, kisha nikakata tamaa nikawaacha wacheze, nikaenda kuchungulia chumba cha pili nikitegemea kumkuta naye amekaa. Nilikuta watoto wamekaa kwa mistari, kila mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake. Mwalimu Aikande alikuwa nyuma. Alichora herufi kwa kidole kwenye mgongo wa mtoto wa mwisho, yule akaichora kwenye mgongo wa mwenzake wa mbele, na hivyo hivyo, herufi ikasafiri mgongo kwa mgongo mpaka kwa mtoto wa kwanza, ambaye aliinuka akaiandika ubaoni. Kama imefika nzima, mstari wote ulinyoosha mikono juu. Kama imeharibikia njiani, waligeukiana kutafuta imeharibikia kwa nani, bila neno, wakigusanagusana na kucheka. Nilisimama mlangoni nimelowa. Alikuwa nalo andalio la hilo, ameliandika kama yale mengine, na juu mahali pa somo ameandika: Kusoma, somo la mvua. Aliniambia amekuwa nalo tangu alipoajiriwa, kwa sababu mvua ya huku haimsubiri mwalimu.

Sikumbuki ni nani kati yetu aliyesema kwanza kwamba masomo yote yafanywe ya mvua. Nadhani ni mimi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona jambo limepata dawa. Alikuwa ameshakwenda hospitali mjini wakati wa likizo ya mwezi wa sita, daktari akamwangalia kooni, akamwambia kuna uvimbe, apumzishe sauti kabisa, na ajiandae kwenda hospitali kubwa ya Moshi. Alirudi akaniambia kwa mnong'ono, maana mnong'ono ndio uliobaki, "Nitakwenda wakishasoma." Nikamuuliza wakishasoma nini. "Sentensi. Wakisoma sentensi nzima nikawasikia, nitakwenda." Nilimsihi. Nilimwambia watoto hawaishi, kila Januari wanaletwa wengine. Akanitazama kama mtu aliyesikia upuuzi akauheshimu kwa sababu ya umri wa msemaji. Mzee Kaaya naye nilimpigia kelele kwenye kahawa, nikamwambia amlazimishe. Akafuta mikono kwenye suruali akasema, "Binti, ungekuwa umemwoa wewe, ungemlazimisha?"

Basi jioni zetu zikawa za kufuta maneno. Tulichukua andalio, kwenye upande wa kazi ya mwalimu, na kila kitenzi kilichohitaji koo tulikikata. Kueleza, tukakata. Kuuliza, tukakata. Kuimbisha, kusoma kwa sauti, kuwataja majina, vyote. Halafu tukakaa tunatafuta cha kuweka badala yake, ndizi zinachemka, moshi unatutoa machozi. Kuonyesha. Kugawa. Kugusa bega. Kuelekeza kwa kidole. Kupiga makofi mara moja. Kila neno lilikuwa na maana yake darasani na ilibidi tulijaribu palepale jikoni, mimi nikiwa mtoto, yeye mwalimu. Jioni moja tulikwama kabisa. Lilikuwa somo la kuunganisha silabi, na hatua ya tatu ilihitaji mwalimu aulize na mtoto ajibu, na hatukuona njia. Aliandika, akafuta, mwishoni akaandika neno moja: kusubiri. Nikamwambia kusubiri siyo kazi ya mwalimu, mkaguzi atatucheka. Akaninong'oneza, "Mwanangu, ndiyo kazi yenyewe." Kesho yake nilimwona akiifanya. Aliinua kadi mbili, "nda" na "zi", akamtazama mtoto mmoja na kusubiri, na alisubiri muda ambao mimi ningekuwa nimeshajibu mwenyewe mara tatu, nimekasirika na kupita. Mtoto akapata.

Jambo ambalo hatukulipanga ni kwamba watoto nao walianza kunong'ona. Hakuna aliyewaambia. Mwalimu alipowanong'oneza asubuhi, "Hamjambo watoto," walimnong'oneza, "Hatujambo, shikamoo mwalimu," zaidi ya hamsini kwa pamoja, na ukipita nje ulisikia kitu kama pumba zinazopepetwa. Waliona ndivyo heshima ilivyo. Hata Nuru, mwenye koo la ng'ambo ya korongo, alinong'ona akiwa ameinua mabega. Upande wangu wa ukuta watoto walikuwa wakipiga kelele wakinifuata mimi, na upande ule kimya, na wanaosoma vizuri walikuwa upande ule, nilijua, kila mtu alijua. Mama mmoja alikuja ofisini kulalamika. "Mwanangu akirudi nyumbani anasoma kama anayetoa siri ya watu. Mnawafundisha nini?" Mwalimu Mkuu akamwambia wanafundishwa kusoma. "Basi nami nataka nisikie!" akasema yule mama, akaondoka amekasirika, na sisi tukacheka mpaka chai ikapoa. Mwalimu Aikande hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasema kitu ambacho ilibidi niinamie kukisikia. "Na mimi nataka."

Mkaguzi alikuja mwezi wa nane, kipindi cha baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora na huja na tabasamu, wakati ule walikuwa wakaguzi tu. Alikaa nyuma kwenye banzi, magoti yakimfika kidevuni, akatazama somo la Mwalimu Aikande mwanzo hadi mwisho, na mimi nilitazama kupitia upenyo wa ukuta huku darasa langu likinakili yaliyo ubaoni. Sijaona somo kama lile tena, na nimekagua masomo mengi. Halikuwa na kasoro. Hatua ziliingia moja ndani ya nyingine, kila mtoto alifanya kitu, hakuna aliyeachwa, na mwalimu hakutamka neno lolote zaidi ya salamu. Walifikia maneno ya silabi tatu. Sentensi ilikuwa imebaki mlango mmoja tu mbele. Baadaye tulikaa ofisini na mandazi yetu, na upande wa pili wa ukuta wa mbao, chumba cha Mwalimu Mkuu, tukamsikia mkaguzi akisema polepole.

"Somo zuri. Nitasemaje, sijaliona zuri hivi. Lakini yule mama hana sauti kabisa."

"Ndiyo, mzee."

"Nikiandika zuri, mtamwacha humo darasani mpaka afe."

"Na nikimtoa?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Unafikiri hatakufa?"

Kiti kililia. Mkaguzi akasema, "Apelekwe Moshi. Hao watoto mpe yule binti mwenye kelele." Nilimtazama Mwalimu Aikande. Alichovya andazi kwenye chai, akalila, akachovya tena. Nilitaka kusimama niingie mle ndani, nilikuwa nimeshajaza kifua, lakini ningesema nini? Kwamba amekosea? Hakukosea. Mwalimu Mkuu naye hakukosea. Kila mtu katika jengo lile alikuwa anamtakia mema. Ndilo lililonichosha mwaka ule, sikuwa na hata mtu mmoja wa kugombana naye.

Jioni ya kuamkia safari ya Moshi tulikula mapema. Mzee Kaaya alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, kofia mkononi, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, maana huwa anakula nje. Mimi nilikuwa naosha sufuria yangu. Mwalimu alinishika mkono wa gauni, nikainama, nikidhani ni habari za ng'ombe au ufunguo wa stoo. Akaninong'oneza, "Mwambie naogopa." Nikamtazama. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, niseme. Mzee alikuwa amekaa mkabala nasi, anasubiri, amezoea. Na hakukuwa na namna ya kumwambia Mzee Kaaya jambo kwa upole. Ilibidi nipaze. "Mzee! Mwalimu anasema anaogopa!" Bila shaka majirani walisikia. Mzee aliizungusha kofia mkononi, akaniangalia mimi, siyo yeye, akasema, "Mwambie na mimi." Kisha akainuka akatoka nje, na mimi nikaendelea kuiosha sufuria ambayo ilishakuwa safi kitambo.

Moshi walitoa uvimbe, na sauti ikaondoka pamoja nao. Alikaa huko wiki nyingi. Mimi nilirithi watoto wake juu ya wangu, ukuta ukabomolewa mbao mbili ili nipite, na nikajaribu. Nilitumia maandalio yake, nikayafuata neno kwa neno, lakini kwenye "kusubiri" nilishindwa kila siku, jibu lilinitoka mdomoni. Hata hivyo wale wa upande wake walikuwa wameshavuka. Mwezi wa kumi walisoma sentensi yao ya kwanza, "Mama anapika ndizi," na waliisoma kwa mnong'ono. Niliwaambia wapaze sauti. Waliniangalia kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope. Wangu walipaza, wake hapana. Nilifikiri ni suala la muda.

Alirudi mwezi wa kumi na moja, amekonda, kitambaa cheupe shingoni, na kibao cha watoto cha kuandikia kwenye mkoba. Jioni ya kwanza aliniandikia: "Wamesoma?" Nikamwambia wamesoma, sentensi nzima. Alifumba macho muda mrefu. Kisha akaandika: "Nije." Tuliandaa somo hilo pamoja, la mwisho kabla ya kufunga shule, jikoni palepale. Lilikuwa fupi kuliko yote. Lengo: kila mwanafunzi aweze kusoma sentensi kwa sauti. Maneno "kwa sauti" aliyapigia mstari yeye mwenyewe, mara mbili. Kazi ya mwalimu: kuandika ubaoni, kusubiri, kusikiliza. Maoni tuliyaacha wazi.

Siku ile hakukuwa na mvua wala upepo. Nilihakikisha hata mlango umefungwa. Alipoingia watoto wake walisimama wote na kumnong'oneza shikamoo, na wale wangu, waliokuwa wakipiga kelele mwaka mzima, wakaona wenzao, wakanong'ona pia. Aliandika ubaoni kwa mwandiko wake ule mnyoofu: Mama anapika ndizi. Akageuka. Akasubiri. Nuru alikuwa mbele kabisa, amevuta pumzi, na nikasema moyoni, sasa. Wakasoma, zaidi ya mia, kila neno mahali pake, na sikusikia kitu zaidi ya pumzi. Mwalimu Aikande aliinua viganja, juu, juu zaidi. Walimwangalia kwa upendo kabisa, wakasoma tena, taratibu zaidi, chini zaidi, wakidhani hawakuwa na adabu ya kutosha. Nikapaza sauti mimi. "Kwa nguvu! Nuru, kama unaita ng'ombe!" Nuru alitazama kitambaa cheupe shingoni kwa mwalimu wake, akafungua mdomo, machozi yakamjaa, akanong'ona. Niliomba. Niligonga ubao. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote katika kata ile na haikuwa na kazi yoyote. Mwalimu Aikande akaninyamazisha kwa kunigusa bega. Akasogea karibu na mstari wa kwanza, akainama, akasikiliza mmoja mmoja, kama anavyosikiliza mtu mlangoni, lakini kadiri alivyowakaribia ndivyo walivyozidi kushusha sauti.

Jioni alinyoosha mkono nikampa andalio. Nilitegemea aandike kwamba limeeleweka, maana lilieleweka, hakuna mtoto aliyekosea hata silabi. Aliliweka juu ya meza, akasukuma pembeni maganda ya ndizi, akaandika kwenye nafasi ya maoni kwa herufi kubwa za darasa la kwanza: Somo lirudiwe. Kesho yake shule ilifungwa. Kabla ya Januari binti yao aliwachukua wote wawili kwenda kwake Mwanza, karibu na kliniki, Mzee Kaaya akamwachia mdogo wake kahawa, mimi nikabaki na ufunguo wa chumba cha uani na sufuria. Walirudi mara chache, kwa siku mbili tatu, na shuleni hakupita tena. Safari hii amerudi kwenye jeneza. Familia iliomba wasifu usomwe na mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho, akaitwa mama mmoja mnene wa kwaya, mwenye kitenge cha zambarau. Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti, akakisukuma kando, akasema hakihitaji. Ndipo nikamtambua. Nuru alijaza kifua akasoma wasifu mkavu wa Mwalimu Aikande, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea silabi, kwa sauti iliyovuka migomba na kusikika ng'ambo ya korongo.